Faili la Odessa Pickett

Jumatatu, 6 Machi

Theluji bado. Nimefika kazini dakika kumi kabla ya saa mbili ili nimtangulie Rosalba. Nikamkuta. Koti lake lilikuwa limeshakauka kwenye kiti, maana yake alifika kitambo. Nimeliandika hilo.

Habari kubwa leo. Bi Thornquist, mkuu wetu, ametangaza kwamba kitaundwa kitengo kipya cha kuchunguza madai yasiyo ya kawaida. Atakayekiongoza atatajwa tarehe 31. Walioomba ni wawili tu: mimi, Orrin Scheffel, na Rosalba Quintero. Mimi nina miaka kumi na tisa katika ofisi hii. Yeye ana minne. Mimi nina jicho. Yeye ana majedwali ya rangi rangi kwenye kompyuta.

Kwa faida ya atakayesoma daftari hili nikishastaafu: tunapokea madai ya Medicaid, bima ya serikali ya wasio na kipato na wenye ulemavu. Meza yetu ni ya wapumzishaji. Mtu anamuuguza mumewe nyumbani mchana na usiku, hana siku ya kupumua. Serikali inamlipa mtu wa pili aende kukaa na mgonjwa saa chache, ili yule wa kwanza alale, anunue mboga, au akalie mahali peke yake. Ni kazi ya huruma. Ndiyo maana ina wezi. Mwizi hatafuti mahali pabaya.

Mpango: kabla ya tarehe 31 nimnase mwizi mmoja. Nimnase peke yangu.

Jumanne, 7 Machi

Nimempata.

Anaitwa Odessa Pickett. Anajitegemea, hana kampuni. Ana mgonjwa mmoja tu, Harlan Engebret, mkulima aliyeanguka kutoka juu ya ghala la nafaka akaumia ubongo. Anatunzwa na mkewe, Marlys, huko bondeni Skogen, mwendo wa dakika arobaini kutoka hapa mjini.

Sheria inamtaka mpumzishaji abonyeze simu anapoanza kazi na anapomaliza. Simu inatuletea saa na mahali. Sasa huyu Odessa, kwa miezi kumi na minne, siku tano kwa wiki, hajabonyeza nyumbani kwa Engebret hata mara moja. Anabonyezea kwenye kituo cha mafuta, maili tatu kutoka pale. Anaanza kazi kituo cha mafuta. Anamaliza kazi kituo cha mafuta. Katikati yuko wapi? Mtu mwenye jicho haulizi. Yuko kituo cha mafuta.

Nilimwona wazi kabisa akilini: miguu juu ya kreti, anakula jibini la kukaanga, saa zinakwenda.

Rosalba alipita nyuma yangu. Nikaifunika skrini kwa mwili. Akaniuliza kama mgongo unanisumbua. Anajifanya ana huruma. Halafu akasema, kama mtu anayesema tu, kwamba mambo ya kule bondeni ni vizuri kupiga simu na kuuliza kabla ya kuandika lolote. Kwa nini anataka nipige simu? Ili Odessa ashtuke. Huenda wanajuana. Nimeliandika.

Alhamisi, 9 Machi

Leo Rosalba kajionyesha alivyo. Amemwambia Bi Thornquist kwamba ana wasiwasi na kampuni ya Mikono Myepesi. Mikono Myepesi, yenye wagonjwa arobaini na mmoja, kampuni ambayo makaratasi yake yanang'aa kuliko ya mtu yeyote katika jimbo hili! Hakuna kilichofutwa. Hakuna saini iliyopinda. Rosalba anasema usafi wenyewe ndio unaomtia wasiwasi, kwamba wagonjwa halisi huharisha, huanguka, hulazwa hospitali, na siku haziwezi kufanana hivyo. Mtu wa namna hiyo ukimwekea sahani chafu na safi, atakwenda kuikagua ile safi.

Mwenye kampuni, Bwana Clete Vandermoor, alikuja mwenyewe mchana kuleta fomu. Mrefu, viatu vimepigwa rangi, mkono wa joto. Alikuja na donati boksi zima. Akaliweka mezani kwangu, si kwa Rosalba. Alisema mahali popote anapokwenda anasikia kwamba mtu pekee anayeielewa kazi hii ni Scheffel. Nilimwuliza anasikia kwa nani. Akasema kwa watu. Basi, watu wanajua.

Amenialika kesho kula samaki.

Ijumaa, 10 Machi

Samaki wa kukaanga ukumbi wa maveterani, kama kila Ijumaa ya Kwaresima. Viazi, kabichi, mkate wa shayiri nyeusi. Vandermoor alinilipia, nikakataa kwanza kama inavyotakiwa, kisha nikakubali.

Jioni nzuri sana. Ni nadra kukutana na mtu anayependa kujifunza. Aliniambia hofu yake kubwa ni kukosea bila kujua, kampuni yake ichafuke. Akaniuliza, kwa nadharia tu, kompyuta yetu inaangalia nini hasa mpaka iwashe alama nyekundu. Nikamweleza. Ukidai saa kumi na mbili au zaidi kwa mgonjwa mmoja kwa siku, alama inawaka. Chini ya hapo, hata robo saa tu chini ya hapo, hakuna anayetazama. Nilimchorea mstari kwenye kitambaa cha karatasi cha mezani, hapa salama, hapa hatari. Alikikunja taratibu akakitia mfukoni wa ndani. Akaomba niweke saini, eti awaonyeshe makarani wake kwamba wamefundishwa na bingwa. Nikaweka.

Nimerudi nyumbani nikipiga mbinja. Kama wapumzishaji wote wangekuwa kama yule, Odessa Pickett angeonekana kutoka mwezini.

Jumatatu, 13 Machi

Nimepeleka faili la Odessa kwa Bi Thornquist. Kurasa kumi na saba, pamoja na ramani niliyoichora mwenyewe. Aliniuliza kama nimewasiliana na familia. Nikajibu kwamba mawasiliano yanafanyika kwa utaratibu unaofaa. Alikuwa amevaa koti, anakimbilia mkutano. Akaweka saini. Kuanzia leo malipo ya Odessa Pickett yamesimamishwa hadi uchunguzi utakapokamilika.

Saa tisa alinipigia simu mwenyewe. Sauti nzito, ya mama wa kwaya. Nilimwuliza kwanza, kwa ujanja, anapigia kutoka wapi. Akasema kituo cha mafuta. Amekiri, dakika ya kwanza! Akaanza kueleza, "Sikiliza, Bwana Scheffel, huku bondeni hamna..." Nikamkatiza. Nilimwambia maelezo hayapokelewi kwa mdomo, aandike barua, aipeleke na nakala mbili.

Kisha akaniuliza, bila hasira, "Umewahi kufika huku?"

Nikasema kazi yangu hainilazimu.

"Basi njoo siku moja," akasema. "Utakuta kahawa."

Nimekaa nalifikiria hili hadi saa ya kutoka. Mtuhumiwa gani humkaribisha mchunguzi kahawa? Ni yule aliyekwisha jitayarisha.

Jumatano, 15 Machi

Rosalba amepata habari za faili langu. Alikuja akasimama mbele ya meza yangu, mikono kifuani, akaniambia kwamba yule mama Marlys Engebret hana mtu mwingine, na kwamba bonde zima lina mpumzishaji mmoja tu. Nikamwambia hivyo ndivyo wezi wanavyochagua mahali. "Orrin," akasema, "wewe huwa unalala vizuri?" Nikamwambia nalala vizuri sana, asante. Nimeandika swali lake na saa aliyoliuliza.

Alipokwenda kula nilipitia kapu lake la taka. Si kwa ubaya. Nilikuta karatasi imeandikwa "41" na chini yake "robo saa, robo saa, robo saa" kurasa mbili, mpaka penseli imekatika. Anaoka keki labda. Au akili imeanza kuchoka. Kwangu ni habari njema kwa vyovyote.

Jumatatu, 20 Machi

Nimechukua likizo ya siku tatu. Bondeni Skogen.

Bi Thornquist anataka uchunguzi ukamilike kabla ya tarehe 31, na mimi nataka kumwona mwizi kwa macho. Niliegesha barabarani, mbele ya shamba la Engebret, nyuma ya masanduku ya barua. Gari langu ni la njano, jambo ambalo sikulifikiria.

Saa tatu na nusu gari la Odessa likaja, kuukuu, mlango mmoja rangi nyingine. Kituo cha mafuta alikipita bila kusimama, nilimwona kule juu kabla sijamwahi hapa. Akaingia kwa Engebret. Mama wa miaka sitini hivi, mpana, kavaa koti la kiume, kabeba gunia dogo. Alikaa humo ndani saa tano, katoka, kaondoka.

Hapo nikawa na swali zito. Malipo yamesimama wiki nzima. Simu habonyezi tena. Sasa anafuata nini? Jibu ni moja: anafuta ushahidi. Gunia lile lina makaratasi.

Jumanne, 21 Machi

Gunia lina machungwa. Lilichanika alipokuwa anashuka, yakabingirika theluji yote. Nimehesabu tisa. Sijui bado yana maana gani.

Saa sita jirani mwenye trekta alisimama akaniuliza kama nimekwama. Nikasema sijakwama. Akasema hapana haja ya kuona haya, akanifunga mnyororo akanivuta. Akaniacha kwenye mtaro. Hapo nikakwama. Ilibidi arudi kunitoa, akanieleza njia nzima kwamba watu wa mjini hawajui kuegesha. Odessa alituchungulia dirishani wakati wote, na Marlys Engebret naye, mwembamba, mikono ndani ya mikono ya sweta. Walinipungia.

Jumatano, 22 Machi

Siku ndefu. Naandika yote kwa utaratibu kwa sababu huenda yakahitajika mahakamani.

Saa tatu na nusu gari la Odessa halikuja. Saa nne kasorobo Marlys Engebret alitoka nyumbani, akavuka uwanja, akagonga kioo cha gari langu.

"Wewe ndiye yule wa ofisini," akasema. "Siku ya tatu leo. Gari la Odessa limekufa, na hela ya kulitengeneza ndiyo hiyo mmeikalia. Mimi saa nne na nusu nina daktari wa meno, nimeisubiri hiyo nafasi tangu Januari. Ingia ndani."

Nikamweleza kwamba mchunguzi haruhusiwi kujihusisha.

"Umeshajihusisha, baba. Ingia. Anapenda chungwa, ummenyee mwenyewe, maganda yote meupe yatoke. Usimwachie mlango wazi. Nitarudi."

Alishawasha gari lake kabla sijapata kifungu cha sheria cha kumsomea. Nikaona pia kwamba hii ni nafasi: nitakuwa ndani ya nyumba, peke yangu, na ushahidi wote.

Harlan Engebret ni mtu mkubwa, mabega kama mlango, nywele zimechanwa vizuri. Alikuwa amekaa jikoni. Nikajitambulisha, jina na cheo. Akasema, "Ndiyo hivyo." Nikamwuliza Odessa huwa anafika saa ngapi. Akasema, "Ndiyo hivyo." Nikamwuliza kama huwa anafika kweli. "Ndiyo hivyo." Niliandika majibu matatu kabla ya kuelewa kwamba hayo ndiyo maneno aliyobaki nayo.

Nilimmenyea chungwa. Akalirudisha, kwa heshima, akinionyesha kwa kidole ukoko mweupe niliouacha. Nikamenya upya. Akalirudisha. Chungwa la tatu alilikubali. Kisha nikaingia chumbani kutafuta ushahidi. Nilikuta daftari ukutani, hati ya Odessa, siku baada ya siku: kala nini, kalala saa ngapi, kacheka mara ngapi. Alihesabu hata vicheko. Nilikuwa nanakili vicheko vya Februari niliposikia nyumba imenyamaza kupita kiasi.

Jikoni hapana mtu. Mlango wazi. Viatu vyangu, nilivyovivua kwa adabu, havipo.

Sitaandika nilivyojisikia. Nitaandika nilivyofanya. Nilitoka na soksi nikaita. Nikakimbia hadi zizini. Ng'ombe wamekwisha uzwa zamani, hamna kitu. Nyuma ya zizi kuna bwawa, barafu ya mwezi wa tatu, nyembamba, na mimi nikasimama pale kando natafuta tundu. Nilitoa simu nipige ya dharura. Hakuna mtandao. Hata mstari mmoja. Nikapanda juu ya rundo la kuni, nikainua mkono. Hakuna. Nikapanda juu ya trela. Hakuna. Nilikuwa juu ya trela, simu hewani, soksi zimeganda, nilipomwona.

Alikuwa ndani ya gari langu. Kiti cha abiria. Mkanda kaufunga. Viatu vyangu kavipakata. Milango yote kaifunga, na ufunguo uko ndani.

Nilimwomba kwa dirisha. Nilimwamuru. Nilimtajia kanuni. Alinitazama kwa upole wote duniani, na midomo yake nikaisoma kupitia kioo: ndiyo hivyo. Mwishowe nilirudi ndani nikachukua chungwa, nikalimenya mbele yake pale nje, vidole havina hisia, ukoko mweupe wote, uzi baada ya uzi, kama fundi wa saa. Akafungua.

Lakini kushuka hakutaka. Alinyoosha mkono kuonyesha barabara. Basi nikaendesha. Alinionyesha kushoto, akanionyesha kilimani, na tulipofika juu akanyoosha mkono kulia, tukaingia kituo cha mafuta.

Hapo simu yangu ikalia ujumbe kumi na mmoja kwa mpigo.

Mama mwenye kituo alitoka na kikombe cha kahawa na pakiti ya jibini la kukaanga, akamfungulia Harlan mlango bila kuuliza. Nikamwuliza Odessa Pickett hukaa hapa saa ngapi kwa siku.

"Kukaa?" akasema. "Akae wapi? Anasimama hapo ulipo, anabonyeza simu, anashuka bondeni. Jioni hivyo hivyo. Kule chini simu hazishiki tangu dunia iumbwe. Tulishawaandikia watu wa ofisi yenu. Jumapili tu, siku ambayo halipwi na mtu, ndiyo anamleta Harlan hapa kula jibini."

Nikamwuliza kama barua hiyo wanayo nakala. Akasema alijibiwa na mtu anaitwa Scheffel kwamba ailete na nakala mbili.

Nilimrudisha Harlan nyumbani. Njiani alinivua kofia, akaikung'uta theluji, akanivika tena, akaivuta vizuri juu ya masikio yangu kama mtu anayempeleka mtoto shule. Hakuna aliyenivika kofia miaka mingi. Nililazimika kupunguza mwendo, kioo kilikuwa na ukungu.

Marlys alirudi saa nane na nusu. Jino lilichukua nusu saa tu, akasema. Saa zilizobaki alilala ndani ya gari, maegesho ya daktari, kiti kimelazwa, mpaka polisi akamgongea kuuliza kama yu hai. Aliyasema hayo huku anacheka upande mmoja wa mdomo, wa pili ulikuwa bado na ganzi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Alhamisi, 23 Machi

Mafua makali. Nimelala na nimetafakari.

Mtu dhaifu angefunga faili leo. Mimi nimejiuliza: katika jimbo zima, kwa nini Odessa alichagua kufanya kazi mahali pasipo na mtandao? Nani anafaidika na mahali pasipo na mtandao? Na vile vicheko, nani anahesabu vicheko?

Vilevile kuna dakika saba za kushuka kutoka kituo cha mafuta na dakika saba za kupanda. Dakika kumi na nne kwa siku, kwa miezi kumi na minne. Nilikaa na kikokotoo hadi jasho la homa likanitoka. Nimeongeza ukurasa wa kumi na nane.

Ijumaa, 24 Machi

Nimempelekea Bi Thornquist ukurasa wa kumi na nane. Rosalba alikuwa humo ofisini. Aliuchukua, akaufananisha na madai, akasema Odessa hukata robo saa kila siku kwenye fomu yake, ili kufidia ile njia. Dakika kumi na tano kwa dakika kumi na nne. Yaani serikali ndiyo inamwibia, dakika moja kila siku.

Nikasema hilo nalo si la kawaida.

Bi Thornquist alifumba macho. Akaagiza malipo yafunguliwe leo hii, Rosalba ashughulikie. Akaniuliza nina maoni gani kuhusu Mikono Myepesi, maana Rosalba kaomba wachunguzi waende kule Jumatatu. Nikasema kwa sauti yangu yote kwamba namdhamini Clete Vandermoor kwa jina langu. Niliomba liandikwe kwenye kumbukumbu. Likaandikwa.

Jumatatu, 27 Machi

Wamekwenda.

Tangu tarehe 13 Machi, wagonjwa wote arobaini na mmoja wa Mikono Myepesi wamedaiwa saa kumi na moja na dakika arobaini na tano kwa siku. Kila mmoja. Kila siku. Robo saa moja chini ya alama nyekundu. Kabla ya hapo madai yao yalikuwa saa nane, nane, nane. Rosalba aliona yote yameruka siku moja, kama kuku waliotishwa. Wapumzishaji waliotajwa kwenye fomu ni sita, na wawili kati yao hawajui hata kampuni iko mtaa gani. Mgonjwa mmoja alizikwa Novemba.

Na familia zenyewe? Rosalba alizipigia simu zote. Nyingi zilikuwa zimeambiwa zisubiri, foleni ni ndefu. Kuna bibi mmoja wa miaka themanini anayemnyanyua mwanawe peke yake kitandani, kasubiri tangu mwaka juzi, na kwenye kompyuta yetu bibi huyo amepumzishwa siku mia tatu.

Kitambaa cha karatasi walikikuta ukutani, juu ya meza ya karani, ndani ya fremu. Mstari. Hapa salama, hapa hatari. Saini.

Niliitwa. Bi Thornquist alikuwa na wachunguzi wawili. Waliniuliza kama ile ni saini yangu. Nikasema ni nzuri kuliko kawaida, lakini ni yangu. Waliniuliza nililipwa nini. Nikasema samaki. Walitazamana. Mmoja alisema ameifanya kazi hii miaka ishirini na sijui kama ni sifa au tusi alilolisema baada ya hapo, lakini waliamini kwamba ni samaki tu.

Vandermoor alikamatwa akiwa anakula chakula cha asubuhi. Alipoulizwa juu yangu, alisema nilikuwa mtu wa msaada mkubwa. Angalau ni muungwana.

Jumatano, 29 Machi

Sijafukuzwa. Bi Thornquist alisema ni miaka kumi na tisa, na kwamba mtu mjinga na mtu mwovu hawapewi adhabu moja. Nimeandika maneno hayo kwa sababu sehemu ya pili ni ya kutia moyo. Nimehamishiwa masjala, chini kabisa. Nitapanga mafaili. Sitapiga simu, sitapokea simu, sitakula na mtu yeyote aliyewahi kutuletea dai.

Rosalba alinisaidia kubeba masanduku yangu kushuka ngazi. Hakucheka. Alisema kule chini kuna baridi, akaniachia hita yake ndogo. Nimeichunguza pande zote. Inaonekana ni hita tu.

Ijumaa, 31 Machi

Rosalba ametajwa. Watu walipiga makofi, nami nilipiga, si wa kwanza kuacha wala wa mwisho. Kulikuwa na keki.

Baada ya hapo akashuka masjala mwenyewe kuniletea kipande, na faili la Odessa Pickett, ili nilihifadhi. Limefungwa. Alitaka nisome ukurasa wa mwisho kabla sijaliweka rafu. Alisema, "Soma taratibu, Orrin. Halafu kaa nao kidogo."

Nimesoma taratibu. Ukurasa unasema hivi. Malipo yalipofunguliwa, ofisi ilimwomba Odessa alete saa zake za zile siku tisa za kazi alizosimamishwa, alipwe malimbikizo. Akajibu kwamba hana dai. Mama Marlys anathibitisha kwamba alikuja kila siku, ukiacha ile moja ambayo gari lilikufa, na saa zote alizikaa. Rosalba akamwambia ni haki yake, adai. Odessa akasema siku zile hakuwa kazini, alikuwa anamtembelea Harlan, na kutembeleana hakudaiwi. Hela ya gari alikopa kwa dada yake.

Nimekaa na ukurasa huo, kama nilivyoombwa. Hita ilikuwa inavuma. Kipande cha keki sikukigusa. Nilimkumbuka yule mama na gunia lake, machungwa yamebingirika theluji yote, na yeye ameinama anayaokota moja moja. Kitu kilinipanda kifuani, nikakiacha kishuke.

Kisha jicho likafunguka.

Nimepitia madai kwa miaka kumi na tisa. Nimeona waliodai usiku wa Krismasi, waliodai wakiwa jela, na sasa nimeona waliodai kwa maiti. Lakini katika miaka yote hiyo sijawahi, hata mara moja, kuona mtu aliyefanya kazi siku nane na asidai kitu. Huo ndio mwenendo usio wa kawaida kuliko yote niliyowahi kukutana nayo.

Sijaliweka faili rafuni. Jumatatu naomba likizo.